Kichwa cha Ng'ombe wa Jumbe Mgaza

Nikisema "natoa", nyinyi mseme "tunapokea". Natoa. Mmeitika kivivu, lakini nitaendelea hivyohivyo.

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini maana mna tabia hiyo, palikuwa na mji uitwao Mapembeni. Zamani yangu ina zahanati, ina dripu na ina mashine ya kupimia presha. Anayetaka zamani isiyo na dripu akasimuliwe na shangazi yake.

Watu wa Mapembeni walikuwa watu wa ng'ombe. Nyama walikula, utumbo walikula, kwato walichemsha, ngozi walilalia. Kitu kimoja tu hawakukigusa ovyo, nacho ni kichwa cha ng'ombe wa jumbe siku ya karamu. Kichwa hicho hakipasuliwi wala hakigawanywi. Hupikwa kizima na hupewa mtu mmoja, yule aliyeufaa mji kuliko wote. Na mtu huyo, pamoja na kichwa, hupewa neno. Yaani ataomba jambo moja mbele ya watu, na jumbe hana ruhusa ya kukataa. Wapo walioomba shamba. Yupo mmoja aliyeomba jumbe wa enzi zake aache kuimba misibani, na jumbe akaacha, na mji ukapumua.

Jumbe wa wakati ninaousema aliitwa Mgaza. Alikuwa mtu mnene, mwema, mwenye kofia nyekundu ya babu yake na kiti cha mpingo cha babu wa babu yake. Kofia ile haikuvaliwa na mtu mwingine, na kiti kile hakikukaliwa na mtu mwingine. Alikuwa na ila moja tu: hakuumwa. Aking'atwa na mbwa, si kitu. Akiungua na uji, si kitu. Aliona jumbe akisema "naumwa" mji utatikisika, wakati mji ulikuwa na shughuli zake.

Siku moja jumbe akakanyaga mwiba wa mgunga. Mkewe, Bi Sikudhani, akamwona anachechemea. Akamuuliza, "Bwana, mguu una nini?" Jumbe akasema, "Si kitu, ni mwiba."

Siku ya pili mguu ukavimba, ndara ikakataa kuingia, jumbe akatembea na ndara moja mguuni na moja mkononi. Mkewe akamuuliza. Jumbe akasema, "Si kitu, ni mwiba."

Siku ya tatu jumbe alikuwa anatetemeka kwa baridi juani, saa saba mchana. Akakutana njiani na daktari wa zahanati, Daktari Zawena, mwanamke mwembamba wa kutembea haraka. Daktari akamuuliza ana nini. Jumbe akasema, "Si kitu, ni mwiba." Daktari alikuwa na haraka zake, akaamini, akapita. Likumbukeni hilo, litarudi.

Siku ya nne jumbe alikuwa barazani anaamua kesi ya mbuzi aliyekula kanga ya mtu. Akasema, "Mbuzi." Akasema tena, "Mbuzi." Kisha akateleza kutoka kwenye kiti cha mpingo, taratibu, mpaka chini. Mwenye mbuzi akadhani hukumu imemwelemea jumbe.

Sasa tumwache jumbe pale chini kidogo, hatakimbia. Niwaambie huyo daktari alikuwa na haraka ya kwenda wapi.

Alikuwa anakwenda machinjioni. Kila siku ya mnada Daktari Zawena alikwenda kwa mchinjaji aitwaye Semboja, akamwomba ampasulie vichwa vya ng'ombe wa kawaida, wale wasio wa jumbe. Semboja akapiga shoka. Daktari akainama, akaingiza kibano chini ya ubongo, mahali palipo na kitako kidogo cha mfupa, akatoa kitu kama njegere. Njegere moja kwa kichwa kimoja. Akakifunga ndani ya kitambaa safi, akaondoka bila kununua hata ini.

Watu walisema sana. Walisema ni mchawi, na waliompenda wakasema ni mlafi. Semboja yeye alikuwa na maelezo yake. Semboja alikuwa amefiwa na mkewe, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba daktari anapika limbwata, na kwamba limbwata lile ni lake yeye Semboja. Akaona ajabu mwanamke amsumbukie hivyo, mwaka mzima, hali mapenzi yake Semboja anayo tayari. Kwa hiyo kila siku ya mnada alioga mara mbili, akapiga shoka kwa madaha, akangoja kukaribishwa chakula. Hakukaribishwa. Akaendelea kuoga.

Turudi kwa jumbe. Wazee wa baraza wakambeba mpaka nyumbani kwake. Mmoja akamgusa uso akakuta umelowa jasho la baridi, akasema hii ni presha. Wote wakakubali ni presha. Sasa, Mapembeni, kama kwenu, mtu akiambiwa ana presha basi ni presha ya kupanda. Ya kushuka hawakuijua, na lau wangeijua wangeona kushuka ni afadhali. Wakamkalisha jumbe wima kwa mito mitano, wakampepea, na Bi Sikudhani mwenyewe akamtafunisha vitunguu saumu ili presha ishuke.

Nayo ilikuwa inashuka. Ilikuwa inashuka tangu asubuhi bila msaada wao. Jumbe akawa na rangi ya majivu, macho yakageuka juu, na kitunguu kikabaki shavuni.

Hapo Bi Sikudhani akakumbuka jambo. Kila alipokuwa na mimba, akisimama jikoni huona giza, na akilala chini na kuinua miguu, dunia hurudi. Akawaambia wazee wamlaze. Wazee wakasema mgonjwa wa presha halazwi. Bi Sikudhani hakubishana, aliivuta mito yote mitano kwa mpigo mmoja na jumbe akalala. Ikabaki miguu. Akatazama huku na huku atafute kitu cha kuiinulia, na kilichokuwa karibu, chenye kimo cha kutosha, ni kiti cha mpingo. Akaichukua miguu ya mumewe, ule mzima na ule uliovimba wenye usaha, akaiweka juu ya kiti cha babu wa babu.

Mzee mmoja akaziba macho. Lakini damu iliyokuwa imelala miguuni ikarudi kichwani, na jumbe akafumbua macho. Akaona miguu yake iko wapi. Akataka kukasirika, nguvu hana. Akasema kwa sauti ndogo, wazee wote wakisikia, "Atakayenirudisha, kichwa ni chake." Kisha akazimia tena.

Daktari Zawena akapelekewa habari, akafika mbio na mkoba wake. Akapima presha, akatazama mguu, akajuta waziwazi kwa ajili ya siku ya tatu. Akamtundikia dripu ya maji ya chumvi. Akampiga sindano ya kuua vijidudu vilivyoingia na mwiba. Presha ikapanda kidogo. Ikashuka. Akaongeza dripu ya pili. Ikapanda kidogo. Ikashuka.

Bi Sikudhani akamshika mkono akamuuliza ni ugonjwa gani unaokunywa maji hivi. Daktari akamweleza bila kumficha. Sumu ya vijidudu imeilegeza mishipa ya damu mwili mzima, damu haisukumwi, inazurura tu, na viungo vinakosa chakula. Hali hiyo inaitwa mshtuko. Mwili huwa na dawa yake. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo kama njegere, nayo huweka homoni ya kukaza. Mambo yakiharibika, ubongo huiagiza tezi, tezi huiachia homoni, nayo huiambia mishipa ijikaze, na huziambia figo zishike maji. Lakini jumbe ana siku nne anajikaza peke yake bila kumwambia mtu. Ghala lake limekauka.

"Basi yeye hana," akasema Bi Sikudhani. "Nani anayo?"

"Ng'ombe," akasema daktari. "Na mimi ninayo ya ng'ombe sitini na wawili, ipo kwenye chupa."

Mwaka mzima alikuwa amezikausha zile njegere, akazisaga, akazitokosa, akazichuja mara saba, mpaka zikawa maji ya kujaza kichupa cha wanja. Alikuwa ameyajaribu kwa mbuzi mmoja mgonjwa, na mbuzi alipona. Sitawaficha, ni yule mbuzi aliyekula kanga. Kichupa kilikuwa zahanati, upande wa pili wa mji. Daktari akamwambia Bi Sikudhani ashike kifundo cha mkono wa jumbe, pale panapopiga, na asipaachie. Akatoka mbio.

Bi Sikudhani akashika. Mapigo yalikuwa membamba na ya haraka. Akahesabu. Yakawa membamba zaidi. Aliogopa, nasema wazi, aliogopa kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake, na alimkasirikia mumewe kwa kila "si kitu" aliyowahi kuisema tangu ndoa. Kidole chake kikayapoteza mapigo. Kikayapata. Kikayapoteza tena.

Na hapa ndipo anaingia mtani.

Jumbe Mgaza alikuwa na mtani wake, Mzee Kupaza, wa kijiji cha ng'ambo ya korongo. Utani wao ni wa mababu. Kupaza angeweza kumtukana jumbe mbele ya wakwe, akachukua kuku wake, akaondoka, na jumbe hana la kusema. Basi jirani mmoja alikuwa amekimbia kumpelekea habari. Alipofika ukingo wa korongo akapiga kelele, "Jumbe kapata mshtuko."

Kupaza akauliza kutoka ng'ambo, "Nani kamshtua?"

Jirani akasema, "Mwiba."

Kupaza akakaa chini acheke vizuri. Jumbe mzima, mnene vile, kashtuliwa na mwiba. Alipomaliza kucheka akafikiri. Mtu akiwa na kwikwi, dawa yake ni kumshtua, kwikwi inatoka. Akaona mshtuko ni kwikwi iliyokua. Kwa hiyo jumbe anahitaji kushtuliwa upya, kwa nguvu zaidi, na hakuna duniani mwenye haki ya kufanya hivyo kama mtani. Akachukua kamba, akavuka korongo.

Akaingia chumbani bila hodi. Kitu cha kwanza, akaichukua ile kofia nyekundu akaivaa. Kitu cha pili, akanyoosha kamba akampima jumbe kutoka utosini mpaka kisigino, kisha akampima tumbo kwa mzunguko. Akatangaza kwamba vipimo vimelingana na kaburi litachimbwa la duara. Akauliza huo mwiba ulimvamia jumbe na panga au mikono mitupu. Akasema wimbo wa msibani ataimba yeye Kupaza, na sauti yake watu wa Mapembeni waliijua. Mwisho akainama sikioni mwa jumbe akasema, "Bi Sikudhani akimaliza eda, mimi nipo. Na nitakaa kwenye kiti."

Bi Sikudhani alikuwa ameinua mkono wa kushoto ampige kofi. Ukabaki hewani. Chini ya kidole cha mkono wa kulia, kitu kiligonga. Kikagonga tena. Uso wa jumbe ulikuwa umekunja ndita. Alikuwa amezimia, lakini alikuwa amezimia kwa hasira.

Bi Sikudhani akamwambia Kupaza, "Endelea."

Kupaza akaendelea. Alipofika kwenye habari za meno ya jumbe na marehemu bibi yake, Daktari Zawena akaingia na kichupa.

Akaitia ile dawa ndani ya dripu, tone moja moja, huku anapima. Akatia, akangoja, akapima. Presha ikapanda kidogo. Haikushuka. Akatia, akangoja, akapima. Ikapanda. Haikushuka. Vidole vya jumbe vikapata joto, midomo ikapata rangi, na kabla jua halijafika magharibi akaomba chombo cha haja ndogo, jambo ambalo lilimfurahisha daktari, maana figo zimerudi kazini, mpaka akapiga makofi, wazee wasielewe kuna nini cha kushangilia. Maneno yaliyofuata ya jumbe yalikuwa haya: "Kupaza, vua kofia yangu."

Nje, wanawake waliokuwa wanangoja wakauliza nani kamponya jumbe. Mzee wa baraza aliyekuwa mlangoni akasema, kama alivyosikia, ni Homoni. Wakauliza Homoni wa wapi. Akasema katoka machinjioni. Basi jioni ileile mji mzima ulijua kwamba amefika mganga mkubwa aitwaye Bwana Homoni, mtu wa karibu sana na Daktari Zawena. Semboja alipopata habari hizo hakula. Aliuliza jambo moja tu, kama huyo Homoni ana mke.

Wiki tatu zikapita. Mguu ukapona, jumbe akasimama, ng'ombe dume akachinjwa, karamu ikaandaliwa mchana kweupe uwanjani. Kichwa kikawekwa kwenye sinia, kizima, kibichi, kingoje mwenyewe kabla ya kuingia chunguni. Pembeni wanawake waliweka mkeka mpya na sahani ya pilau kwa ajili ya Bwana Homoni. Daktari aliwaeleza mara tatu. Wakasema sawa, lakini akija tutamweka wapi?

Jumbe akauliza nani anakidai kichwa. Wakasimama wanne.

Akaanza Kupaza, hata hakuulizwa. Akasema, "Kichwa ni changu. Daktari yuko zahanati, mke analia, mapigo yamekwisha, nani alimrudisha? Mdomo huu." Na daktari, kwa kuwa ni mtu wa haki, akasimama akakiri. Akasema hasira ile iliusukuma ubongo ukaikamua tezi kikavu, likatoka tone la mwisho lililobaki ghalani, na ikaziamsha tezi zinazokaa juu ya figo nazo zikasaidia. Bila tone lile angekuta maiti. Mji ukasema, kweli. Lakini Semboja akauliza, je, Kupaza alijua? Alikuja kutibu kwikwi. Mji ukasema, kweli hiyo nayo. Kupaza akapewa nafasi aseme neno atakaloomba. Akasema ataomba kukalia kile kiti kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, siku moja tu, ajue jumbe anaona nini kutoka pale.

Akafuata Semboja, kaoga. Akasema, "Kichwa ni changu. Dawa ilitoka vichwani, na vichwa nilipasua mimi, ng'ombe sitini na wawili. Shoka moja likienda kombo, njegere inasagika. Hakuna hata moja iliyosagika." Mji ukasema, kweli. Lakini Kupaza akamuuliza, ulipasua kwa ajili ya wagonjwa au kwa ajili ya limbwata? Semboja akatazama chini akasema kwa ajili ya limbwata. Mji ukasema, kweli hiyo nayo. Neno lake lilikuwa jumbe awe mshenga wake kwa Daktari Zawena, kama Bwana Homoni hana pingamizi. Daktari akajishughulisha na ukosi wa koti lake.

Akafuata daktari. Akasema, "Kichwa ni changu. Hasira ilimpa dakika chache, miguu juu ilimpa saa moja. Maisha alipewa na homoni, na homoni niliitafuta mimi mwaka mzima mkiniita mchawi." Mji ukaona aibu, ukasema, kweli. Lakini mzee wa baraza akasema, ulikutana naye siku ya tatu anatetemeka juani, akakwambia si kitu, ukapita. Daktari akasema, nilipita. Mji ukasema, kweli hiyo nayo. Neno lake lilikuwa zito kuliko ya wenzake. Kichupa kimekwisha, akasema, na mgonjwa mwingine atakuja. Angeomba kuanzia leo kila kichwa kinachochinjwa Mapembeni kipasuliwe, njegere itolewe, hata kichwa cha ng'ombe wa jumbe, hata hiki. Wazee wakaguna. Kichwa cha heshima kikipasuliwa, heshima yenyewe inabaki wapi?

Bi Sikudhani akasimama mwisho. Hakusema kichwa ni chake. Akasema, "Mimi nilimlaza, nikaweka miguu kwenye kiti. Na kabla ya hapo mimi ndiye niliyemlisha vitunguu. Yote mawili ni yangu." Mji haukujua useme kweli ipi. Akaulizwa neno lake. Akasema, "Akiumia, aseme." Akakaa.

Jumbe Mgaza akainuka kutoka kwenye kiti chake cha mpingo, aende kwenye sinia akate shauri. Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Ya tatu akakunja uso, akachechemea.

 Bi Sikudhani akauliza, "Bwana, mguu una nini?"

Jumbe akasema, "Si kitu."

Hamjaona watu wanakimbia. Bi Sikudhani alikivuta kiti cha mpingo, akamwangusha mumewe chini, miguu juu. Kupaza alikwishavaa kofia, anampima tumbo, anasema safari hii kaburi liwe na mlango mpana. Semboja akanyakua shoka, akasimama juu ya kichwa cha ng'ombe anangoja amri. Daktari alikuwa ameshaingiza mpira wa kupimia presha mkononi mwa jumbe na anapuliza. Hakuna aliyemuuliza mwenzake la kufanya.

Presha ilikuwa nzuri kuliko ya daktari mwenyewe. Bi Sikudhani akaivua ndara ya jumbe. Ndani yake mlikuwa na ganda la karanga.

Mji ukacheka mpaka watu wakashikana mabega. Jumbe, kutoka pale chini, akasema kwa uchungu kwamba hii ni mara ya kwanza katika maisha yake anasema si kitu na kweli si kitu. Wakazidi kucheka. Ila Bi Sikudhani hakucheka. Alikuwa bado ameushika ule mguu kwa mikono miwili, na kidole kimoja kilikuwa kinatafuta mapigo, na jumbe akakiona.

Akajiinua kwa kiwiko. Kisha akasema, sauti ya kawaida, mji wote ukisikia, "Limeniuma. Kidogo."

Mji haukutikisika.

Basi maneno yakaanza upya. Wengine wakasema Bi Sikudhani keshapata neno lake bila kichwa, atoke, wabaki watatu. Wengine wakasema neno la kichwa hudumu, lakini la ganda la karanga kesho limesahauliwa. Wengine wakasema mwenye kujua ndiye mwenye haki, wengine wakasema aliyebahatisha naye amefanya. Na Semboja alikuwa bado ameinua shoka, na mikono ilianza kuchoka, na kichwa kimoja hakiwezi kuwa kizima na kupasuliwa kwa wakati mmoja.

Jumbe akasimama. Akavaa kofia yake. Akafumbua kinywa ataje jina.

Jina nililisikia, maana nilikuwa karibu, kwenye ule mkeka mpya, nikila pilau ya Bwana Homoni ambaye mpaka leo hajafika. Lakini sitalisema. Mimi natoa, nyinyi mnapokea, na sasa ni zamu yenu kutoa. Yupo aliyevunja mwiko kwa kuogopa kumpoteza mumewe. Yupo aliyetukana bila kujua anatibu. Yupo aliyepasua vichwa kwa ajili ya mapenzi. Yupo aliyejua yote, na siku ya tatu akapita.

Je, nani alistahili kichwa?